Kabla ya Kuchomoa Waya

Mama Zaina alizikwa siku ileile aliyofariki, kama dini yake inavyotaka, na mimi nikafika Kabondo nimechelewa. Wanaume walikuwa wameshaondoka na jeneza, wanawake wamekaa kwenye mikeka, na harufu ya udi imejaa hadi uani. Nilijikuta natabasamu, Mungu anisamehe, kwa sababu mwanamke aliyenihubiria mwaka mzima kwamba haraka ni ugonjwa alikuwa amezikwa kwa haraka kuliko mtu yeyote niliyemjua. Salima, binti yake, alinisogezea nafasi kando yake. Mapajani alikuwa na simu ya marehemu, na simu ile haikutulia. "Tantine Béa, hii telefone inanimaliza," alininong'oneza. "Inalia toka asubuyi, na batu banauliza kintu kimoja tu, kama ni kweli amekufa. Bon, miye nazima." Nilimshika mkono kabla sijafikiri. "Usizime. Unajua iko nani anaita? Lete kwangu." Akanipa, akaegemea ukuta, akafumba macho. Nikabaki na simu ile kiganjani, na mwaka mmoja wa ujana wangu ukanirudia wote.

Ulikuwa mwaka wa vita, ule uliofuata baada ya majeshi mawili ya wageni kupigana katikati ya Kisangani, mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Nilikuwa msichana mwenye diploma ya elektroniki na bila kazi. Mto ulikuwa umefungwa. Hapakuwa na boti iliyoshuka kwenda Kinshasa wala iliyopanda, simu za posta zilikuwa zimekufa, na mwenye ndugu upande wa pili wa vita alihesabu kwamba ana ndugu mwezini. Ndipo chama kimoja kidogo cha kusaidia familia kilipokodi duka la zamani la vitambaa, si mbali na posta, kikaleta redio ya masafa marefu, bateri zake, na kompyuta moja nzito yenye rangi ya maziwa yaliyochacha. Redio ilipeleka barua hadi kituo cha Nairobi, Nairobi ikazisukuma kwenye intaneti, na kutoka huko zikaingia Kinshasa kana kwamba hakuna vita. Majibu yalirudi kwa njia ileile, polepole, herufi kwa herufi, na asubuhi na mapema tu, maana jua likipanda sauti ya Nairobi ilififia. Rafu za vitambaa zilikuwa bado ukutani, na kwenye kona moja kombora lilikuwa limetoboa bati, tukaweka sufuria chini yake kwa ajili ya mvua. Nilikipenda chumba kile kuliko chumba chochote ambamo nimepata kulala.

Mkuu wa chumba alikuwa Mama Zaina. Alitoka katika familia za Waislamu wa zamani wa mji huu, wale ambao babu zao walikuja na misafara, na Kiswahili chake kilipokasirika kilinyooka kama cha redio. Alikuwa ametumika kwenye suichibodi ya simu za posta, ile meza ya kuunganishia wapigaji kwa waya, tangu usichana wake mpaka mitambo iliponyamaza. Alihama posta na vitu viwili tu: kiti chake kirefu cha kuzunguka, na spika za masikioni zilizobadilika rangi kwa jasho lake. Kompyuta hakuijua na hakujifanya anaijua. Mimi ndiye niliyefundishwa na fundi mmoja Mholanzi aliyekaa nasi wiki chache. Lakini fundi yule alipoondoka, neno la siri la kuifungua mashine kwa mamlaka yote, lile la mwenye nyumba, alimwachia Mama Zaina. Niliudhika, nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa Kifaransa chake kibovu kwamba mimi nina akili nyingi na vidole vyepesi mno. Mama Zaina alicheka siku nzima.

Nilikuwa mtu wa kuzima na kuwasha, sikatai. Mji mzima ulikuwa hivyo. Redio ya nyumbani ikikoroma, unaipiga kofi. Kinu cha kusaga kikigoma, unakizima. Umeme wenyewe uliondoka kila siku na kurudi ulipotaka, nasi tukaanza upya kila mara. Mama Zaina alikuwa na desturi nyingine, na aliisimulia mara nyingi hata nikaijua kama sala. Kwenye suichibodi, alisema, ukiona waya umechomekwa kwenye tundu unalolitaka, huchomoi. Unaingiza sikio kwanza. Unauliza, "Munaongea?" Unangoja. Unauliza tena. Ukisikia kimya mara ya tatu, ndipo unachomoa. "Sababu kule mwisho wa waya iko mutu," aliniambia, "na weye hauone sura yake. Labda anaaga mama yake." Kwangu ilikuwa hadithi ya mashine za kale. Nilimwitikia ndiyo, mama, ndiyo, huku nikimenya ndizi.

Maana tulikula pale, na tulikula vizuri kwa watu wa mji uliozingirwa. Mama Zaina alileta lituma kutoka kwake, ndizi zilizopondwa zikakandwa mpaka zikawa laini, zimefungwa kwenye jani. Mimi nikaleta sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, au samaki mdogo wa kukausha. Watu wa kwenye benchi wakachangia walichokuwa nacho. Benchi la kusubiria lilikuwa chini ya dirisha, kwa hiyo tulisikia kila kitu. Tulijua nani kabadilisha unga na sabuni, askari wa kambi ya Kapalata wamelewa wapi, toleka gani aliyembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yake na bado akawahi hospitali. Watu waliteta, walicheka, walilala wakiwa wameketi. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitayakumbuka maneno ya benchi lile kuliko barua tulizopeleka.

Mtu wa kwanza kwenye benchi, karibu kila asubuhi, alikuwa Kavira, mfanyabiashara kutoka Butembo. Mume wake, Kambale, alikuwa amekwenda Kinshasa kuagiza bidhaa mto ulipofungwa nyuma yake. Tangu siku hiyo, kimya. Misimu ya mvua ikaja na kupita, na ndugu wa mume wakaanza kuchoka. Mwishowe kaka mkubwa, Paluku, alisafiri kutoka Butembo kwa njia za hatari akaja kutangaza kwamba matanga yafanyike. Hakuwa mtu mbaya, na ninataka niseme hivyo waziwazi. Nilimsikia mwenyewe kupitia dirisha akimwambia Kavira, "Shemeji, mama yetu halale. Anataka kulia mutoto wake, na sisi tunamukataza. Wacha tulie, roho ipumuzike." Lakini Kavira alijua kitakachofuata machozi. Matanga yakiisha, duka litarudi kwa ukoo, naye na watoto watapandishwa gari kwenda Butembo kuishi chini ya dari ya shemeji. Akaomba jambo moja: Mama Zaina alikuwa amepeleka barua kwa mwenzake wa zamani wa suichibodi aliyehamia Kinshasa, amtafute Kambale kwenye maghala ya wafanyabiashara wa Kivu, watu wa kwao. Jibu lingojewe. Paluku akakubali kungoja mpaka Jumapili. Misa ilikuwa imeshaombwa, turubai limefungwa, viti vimeazimwa, na samaki wameagizwa kwa mvuvi wa Barumbu.

Na wiki ile redio ikawa bubu. Hewa ilichafuka kwa radi, Nairobi haikusikika, barua zikalundikana upande wao. Jumamosi asubuhi niliingia chumbani nikakuta balbu inawaka juu ya dari. Hatukuizima kamwe, ili tujue umeme ukirudi. Nikamshukuru Mungu kwamba umeme umerudi mapema, nikaketi, nikaanzisha programu ya barua kama nilivyoianzisha kila asubuhi. Ikakataa. Maandishi ya Kifaransa yakaniambia kwamba anwani tayari inatumika. Nikaianzisha tena. Ikakataa tena, kwa maneno yaleyale, kwa adabu ileile ya kuudhi. Nyuma yangu Kavira alikuwa ameshaingia bila kuitwa, kitenge amekifunga kombo.

Niseme hapa kwa kifupi, kwa wale ambao hawakulazimika kuyajua haya. Ndani ya kompyuta kuna milango mingi ya mawasiliano, na kila mmoja una namba. Programu ya kupokea barua hukaa kwenye mlango wake, namba ishirini na tano, ikisikiliza nani anabisha. Mlango mmoja hushikwa na programu moja tu. Nyingine ikija kuutaka, hufukuzwa. Kwa hiyo palikuwa na kitu ndani ya mashine kilichoshika mlango wetu, na mimi sikujua ni kitu gani, na kusema kweli sikujali. Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye swichi ya nyuma. Zima, washa, maisha yaendelee.

"Béa." Mama Zaina, aliyekuwa ameshaketi kwenye kiti chake, hakupaza sauti. "Umeuliza?"

"Nimuulize nani, mama? Ni mashine! Imekwama. Saa hii jua linapanda, redio itapotea, na huyu mama matanga yake ni kesho!"

"Ya bwana yangu," Kavira alimrekebisha polepole. "Miye niko mzima."

Mama Zaina alizunguka na kiti chake, akachukua spika zake za zamani, akachomeka waya kwenye redio. Alifumba macho. Nilikuwa sijawahi kumwona akifanya hivyo. Redio ile ilizungumza lugha ya mashine, milio kama ya vifaranga, nani angeisikiliza? Akanyoosha kidole kimoja juu, tukanyamaza wote, hata benchi la nje likanyamaza. "Iko mutu anasema," alisema. "Anasema, anapumua, anasema. Sijue anasema na nani. Tafuta."

Niliona haya, na haya zikanikumbusha. Fundi alikuwa amenionyesha amri moja, netstat, ambayo ukiiandikia herufi zake sawasawa hukupangia milango yote iliyo wazi, na mwishoni mwa kila mstari hukuambia namba na jina la programu iliyoushika. Niliandika. Mlango wa ishirini na tano ukatokea, umeshikwa. Lakini pale penye jina palikuwa na kistari kitupu. Nikakumbuka sababu: mtu wa kawaida mashine humwonyesha kwamba mlango una mtu, haimtajii huyo mtu. Majina huambiwa mwenye nyumba. "Mama," nikasema, "nahitaji lile neno."

Aliwatoa watu nje, Kavira naye, akafunga dirisha. Kisha akaniinamia sikioni akanisomea neno la siri kama alivyosoma majina ya wateja maisha yake yote, B ya Bukavu, O ya Opala, na kuendelea, bila kusita hata herufi moja. Pumzi yake ilinukia tangawizi. Nikaingia kama mwenye nyumba, nikaandika amri ileile, na safari hii kistari kikageuka namba na jina. Nililisoma mara mbili. Ilikuwa programu yetu wenyewe ya barua. Chini yake palikuwa na mstari mwingine wa mlango uleule, na huo ulisema kwamba mazungumzo yamefunguka na upande wa pili ni redio. Nikaitafuta ile namba kati ya programu zilizo kazini nione ilianza lini. Ilianza jana. Niliianzisha mimi, jana asubuhi, kwa vidole vyangu vyepesi.

Tuliinua macho pamoja kuitazama balbu. "Courant haikuenda," Mama Zaina alisema. Ndivyo. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi pale, umeme ulikuwa umelala nasi mpaka asubuhi, na hakuna mtu Kisangani ambaye angeliamini jambo hilo. Tulikuwa tumezoea vitu kufa kiasi kwamba kila asubuhi tulianza upya bila kutazama kama cha jana kingali hai. Mashine haikukwama. Hewa ilikuwa imesafika kabla ya alfajiri, Nairobi ikatupata, na programu ile ya jana ilikuwa mlangoni ikipokea barua zote za wiki nzima, moja baada ya nyingine, kwa mwendo wa konokono. Ningeizima, ingebidi Nairobi ianze mwanzo, na jua lilikuwa limeshapanda. Tusingeipata tena siku ile. Niliuondoa mkono mbali na swichi nikaukalia.

Tukangoja. Hakuna kazi ngumu kama hiyo. Mama Zaina alizivaa spika zake kichwani kama kilemba akawa anatangaza, "Anasema bado... bado... sasa sauti inakuwa mbali," na benchi lote likaingia ndani, likajaa kwenye rafu za vitambaa. Mtu alileta chai, mtu akaleta mikate ya kukaanga, hakuna aliyetafuna kwa kelele. Kila barua iliyokamilika iliangukia kwenye sanduku, nami nikasoma jina la mwenyewe kwa sauti. Mtu mmoja alipata habari ya kuzaliwa kwa mjukuu. Mwingine alipata habari ya kifo, akaipokea amesimama, akatushukuru. Paluku alifika kumwita shemeji yake, maana wapishi walikuwa wanauliza chumvi iko wapi, akakuta mlango umezibwa na migongo ya watu. "Alors, munangoja nini?" aliuliza. Kavira alimjibu bila kugeuka: "Tunangoja mutu amalize kuongea."

Balbu ilipepesa mara moja, ikatulia. Sauti kwenye spika ilikuwa imekuwa ndogo hata Mama Zaina akazikandamiza spika masikioni kwa viganja ili aifuate. Barua iliyofuata ilikuwa ya jina lake yeye, kutoka kwa yule mwenzake wa zamani. Nilisogea kando ya skrini. Aliyeisoma ni mwanafunzi mmoja wa benchi, kwa Kifaransa, kisha kwa Swahili yetu. Mwenzake alikuwa amezunguka maghala. Amempata. Na chini yake yalifuata maneno ya Kambale mwenyewe, aliyoyasema akaandikiwa: Kavira, niko. Mguu ulivunjika, sasa natembea na fimbo. Nilituma habari na watu watatu, sijue kama walifika. Usifunge butiki.

Kavira alikaa chini sakafuni, polepole, akabaki anaitazama mashine. Lakini Paluku alikuwa amesimama kama gogo. "Hii maandishi haina mukono ya mutu," alisema. "Mutu yeyote anaweza kuandika vile. Musinicheze. Nimeshamulia ndugu yangu mara moja." Hakuna aliyemlaumu. Mwanafunzi akasema, "Papa, iko mustari moja tena. Ni ya weye." Akasoma: Mwambie yaya Paluku, kaka yangu, ile shati yake ya buluu, aliyomupigia mutoto wa jirani akisema ameiiba, haikuibiwa. Niko nayo hapa.

Paluku alifungua mdomo. Ikatoka sauti ambayo sikuitambua mwanzoni kuwa ni kicheko. "Mwizi huyu!" alisema. "Mwizi huyu iko mzima!" Kisha akajifunika uso kwa mikono yake yote miwili akalia, yeye aliyekuja kulia, na benchi zima likalia naye. Muda mfupi baadaye Mama Zaina alivua spika akaziweka kwenye meza. Kimya. Aliuliza redio, kwa sauti, mbele ya watu wote, "Munaongea?" Akauliza tena, na tena. Halafu akanigeukia: "Sasa unaweza kuzima." Dakika ileile umeme ukaondoka wenyewe, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Turubai lilikuwa limeshafungwa na samaki wa Barumbu walikuwa wameshafika, kwa hiyo Jumapili tulikula matanga ya mtu aliye mzima. Padri aliibadilisha misa ikawa ya shukrani. Mama Zaina alikaa kwenye kiti cha mbele, mahali pa mama wa marehemu, wakamjazia lituma mpaka akalalamika. Tangu mwaka ule nimefanya kazi na mashine nyingi, na vijana wengi wamepita mikononi mwangu. Mlango ukishikwa wananiambia, mama, tuue tu hiyo programu. Nawaambia watafute kwanza ni ipi, ya nani, inazungumza na nani. Wananiona mzee mwenye mambo mengi. Sijali. Nilichonacho chote mikononi nilipewa na mwanamke ambaye hakujua kuiwasha kompyuta, na sijui nani mwingine mjini hapa angenipa.

Simu ilitetemeka kiganjani mwangu. Salima alifumbua macho akanitazama. Namba haikuwa na jina. Niliipokea, na bila kukusudia nikajisikia nasema, "Allô, munaongea?" Kwanza palikuwa na upepo na kengele za baiskeli, halafu sauti ya mzee. "Iko nani? Béa? Ni miye, Kambale. Tuko kwa njia na mama Kavira, toleka ametupotezea, sione nyumba." Nilitoka nje kumpokea, nikamwona kwa mbali na fimbo yake, shati jeupe, mke wake kamshika kiwiko. Nilimwongoza mpaka uani. Wanawake waliinua nyuso; wengi walikuwa vijana, hawakumjua. Alivua kofia, akatazama chumba ambamo marehemu alikuwa amelala asubuhi.

"Batu bote walisema nimekufa," aliwaambia. "Yeye peke yake aliuliza."